Vidole Viwili Chini ya Mstari

Mstari mwekundu kwenye nguzo ya mtoni aliuchora bwana samaki wa serikali mwenyewe, siku aliyonikabidhi ufunguo wa lango la mfereji mbele ya wakulima wote. Maji yakishuka chini ya mstari, nifunge, mto ubaki na ya kuwatosha samaki wa ndevu, maana wamebaki wachache na kwingine hawapo. Niliapa kwa jina la Mungu. Wakulima walinikubali kwa kuwa ni mjane nisiye na shamba. Walisahau kwamba ninakaa kwa mke wa mwanangu, na mke wa mwanangu ana vitunguu.

Asubuhi ile nilisali, nikashuka mtoni. Mstari ulikuwa umetoka nje ya maji kwa upana wa vidole viwili. Nikageuka, mkwe wangu yuko nyuma yangu na beseni kichwani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Usinifungie leo, mama. Vitunguu ndio kwanza vinaweka vichwa. Siku nne tu.”

“Vidole viwili, mwanangu.”

“Vidole vya nani? Vyako vimekonda kwa kufunga na kusali. Pimia vyangu.”

Nikacheka. Naye akacheka, ila si kwa macho.

“Mwanao akirudi akute shamba limekauka, nimwambie nini? Mama yako kachagua samaki?”

“Mwambie niliapa.”

“Haya. Tutapika hicho kiapo.”

Nilimwomba Mungu anionyeshe pa kupita, sikupaona. Nikafungua kufuli, nikazungusha gurudumu la lango mpaka bamba la chuma likagusa chini.

Mfereji ukaanza kushuka. Ndipo nikasikia tope linapigwapigwa. Samaki wa ndevu! Wakubwa, matumbo yamejaa mayai, kama ishirini hivi, wamelala ubavu ndani ya mfereji. Mto ulikuwa umenyong'onyea, maji yanayokimbia ni ya mfereji, basi wakayafuata. Wale wale niliowaapia nimewafungia nje. Nikifungua, nakausha mto wa wenzao. Nikiacha, wanakufa naona. Mkono wangu ulibaki juu ya gurudumu, hauendi mbele wala nyuma.

Mwisho nikavua kandambili, nikashuka topeni.

“Nipe beseni.”

“Ni la kumwagilia vitunguu,” alisema, akaketi ukingoni.

Samaki wa kwanza alinichopoka mara tatu.

“Mama, unamkamata au unambembeleza?” Akapandisha nguo magotini, akashuka. “Haya maji yaliyobaki humu, mstari wako unayasemaje?”

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu. “Hausemi kitu. Yameshapita lango.”

“Basi safari moja samaki, safari moja vitunguu.”

Tukaenda hivyo, mtoni, shambani, mtoni. Wawili walikufa mikononi mwetu. Wengine niliwaona wakizama kwenye maji ya mto, ndevu mbele. Jua lilipofika utosini mfereji ulikuwa umebaki tope tupu, na matuta yaliyolowa yalikuwa matatu kati ya kumi na moja.

Mkwe wangu aliyatazama yale manane, kisha akautazama ufunguo shingoni mwangu.

“Na kesho?”

“Kesho nitapima tena.”

“Kwa vidole vyako.”

“Kwa vyangu.”

Alijitwika beseni, akatangulia bila kuningoja. Nikamfuata nyuma taratibu. Nyumba ya kurudi ilikuwa ile ile moja.