Tone la Maji ya Mtungi

Siku ile mtungi wa mvuke wa kusafishia vyombo vya daktari ulipofikishwa zahanati pale Matrah, jirani na Maskati, mwisho wa mwaka wa sabini, Bi Masouda alivua aproni yake akaitundika msumarini.

"Mie basi," alisema. "Miaka kumi na tisa nnachemsha mikasi na visu vya daktari kwa sufuria yangu. Leo nnaambiwa sufuria haifai?"

Harub na Aliya, watumishi wenziwe, nao wakaacha kazi wakasimama nyuma yake. Dude lenyewe lilikuwa la shaba, lina kifuniko cha kukazwa kwa skrubu na saa ya kupimia mvuke yenye mshale ubavuni, na lilipowashiwa stovu asubuhi ile lilipiga mluzi hata wagonjwa waliotoka kijiji cha Ansab wakakimbilia uani.

Mahfoudha, muuguzi mkuu mpya, hakupandisha sauti. Alizaliwa Unguja, akasomea uuguzi Misri, na alikuwa hata mwezi hajatimiza Maskati. Bi Masouda naye alilelewa Unguja kwa shangazi yake, ndiyo maana wawili hao walisemezana Kiswahili.

"Bi Masouda, kabla hujenda zako, njoo unitazamie kitu."

Alimpeleka dirishani, penye hadubini. Akachota tone katika mtungi wa maji ya kunywa, akaliweka juu ya kigae cha kioo, akageuza kijioo cha chini hata kikashika jua.

"Fumba jicho moja."

Bi Masouda aliinama. Mwanzo aliona weupe mtupu. Kisha weupe ule ukaanza kujongea. Vidude vyenye manyoya pembeni vilikuwa vikipita, vingine vikizunguka kama pia, kimoja kikajikunja, kikajikunjua, kikakimbia. Akarudi nyuma akashika ukuta.

"Subhanallah! Vi hai?"

"Vi hai."

"Ndani ya maji haya tunayokunywa?"

"Haya haya."

Akainama tena, safari hii asitake kuinuka. Alipoinuka, alikwenda mwenyewe kuchota tone katika sufuria yake iliyokuwa ikitokota jikoni, akalileta kwa kijiko. Mahfoudha akaliweka. Bi Masouda akatazama, akatazama. Hakikutikisika kitu.

"Wamekufa," alinong'ona.

"Umewaua wewe. Miaka kumi na tisa unawaua, bila ya kuwaona."

Machozi yalimlengalenga bibi yule. Kazi aliyoidhani ya jikoni tu, kumbe ilikuwa vita, na majeshi ya adui yalikuwa hayana hesabu. Kisha uso ukambadilika.

"Mwanangu, mikasi nikishaichemsha, huipoza kwa maji haya haya ya mtungi."

Mahfoudha alimvutia kiti. Bi Masouda aliketi. Aliwakumbuka wanawake wawili watatu ambao vidonda vyao vilikataa kupona, na watu wakasema ni amri ya Mungu.

"Ulikuwa hujui," Mahfoudha alisema taratibu. "Hata aliyekufundisha hakukwambia. Tena wako wengine wadogo kuliko hawa, wagumu, maji ya moto hayawawezi."

"Na huo mtungi wako wa mvuke? Vyombo vyake hupozwa na nini?"

"Havimwagiwi maji. Hutoka vikavu, vimefungwa ndani ya nguo."

"Na mluzi ule?"

"Mvuke unapumua. Ukinyamaza ndipo uogope. Nitasimama nawe mpaka mkono wako uzoee."

Bi Masouda alikwenda akachukua aproni, akaifunga kwa nguvu. Wakakaza skrubu pamoja, moja baada ya moja. Mshale ulipopanda alimshika Mahfoudha kiwiko, lakini hakuondoka.

Alipotoka pale alimfuata Harub.

"Mie sitazami mambo ya kishetani," Harub alisema.

"Kiumbe cha Mungu hicho! Tazama, Harub!" Akamwinamisha shingo mbele ya hadubini.

Harub aliinama akinung'unika. Kisha manung'uniko yakakatika. Aliya aliyekuwa akingoja zamu yake alimvuta kanzu mara mbili, tatu. Harub hakugeuka. Aliinua kidole kimoja tu kumtaka asubiri, jicho bado liko kwenye kioo.