Gari Lililotaka Mjamzito

Jumatano moja ya mwaka 1994, saa nne asubuhi, gari la Diwani Jared lilisukumwa na wanaume wanne hadi gereji ya Nyamweya, nyuma ya soko la Rongo. Diwani mwenyewe alikuwa ndani ameshika usukani, kwa sababu mheshimiwa hasukumi.

Lilipowashwa, stata ilizunguka vizuri lakini injini haikushika. Nyamweya akapima fyuzi, ikawa nzima. Akaishika rilei, kile kidude cheusi kinachopitisha umeme kwenda kwenye pampu ya mafuta, ikalia tik. Akaibadilisha na rilei ya honi. Akairuka kwa waya, umeme uende moja kwa moja kwenye pampu. Akagonga tangi kwa nyundo ya mpira. Pampu kimya. Akaing'oa, akaiunganisha na betri juu ya meza, ikavuma kama cherehani mpya. Akairudisha garini, ikanyamaza tena.

"Hii pampu haijaharibika, Mheshimiwa," alisema. "Imekataa."

"Basi ongea nayo," alisema Diwani, akaenda kunywa chai.

Gari hilo lilinunuliwa kwa harambee ili liwapeleke wajawazito hospitali ya Homa Bay. Siku ya kuliandikisha ilionekana kwamba kamati ina watu kumi na watatu, na nafasi ya jina la mwenye gari ni mstari mmoja tu. Wazee walijadiliana mpaka jioni, wakakubaliana kwamba Diwani ndiye mwenye jina fupi. Tangu siku hiyo gari lilimbeba Diwani kila mahali, na halikuwahi kubeba mwanamke hata mmoja mwenye uchungu. Mtoto wa kwanza wa Nyamweya alizaliwa na kufa juu ya mkokoteni wa miwa, na gari lilikuwa limeegeshwa nje ya baa. Nyamweya alilitengeneza kwa sababu kazi ni kazi, lakini alilichukia kila alipofunga boneti.

Saa saba mkewe, Bochaberi, alimletea ugali. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba na jua lilikuwa kali, kwa hiyo akaketi kwenye siti ya mbele. Rilei ikalia tik, pampu ikavuma. Aliposhuka, ikanyamaza. Nyamweya akamwomba apande na kushuka mara nne, kwa maana fundi mzuri haamini jaribio moja. Kisha akamwita muuza nyanya, mwanamke asiye na mimba, akamkalisha palepale ili asilisingizie gari. Kimya.

Hapo Nyamweya akafanya kosa la fundi Msabato: alisema ukweli wote. Kwenye karatasi ya kazi aliandika, "Fyuzi nzima. Rilei nzima. Pampu nzima. Gari linataka mjamzito." Alidhani Diwani angeona haya na kulirudisha kwa kina mama.

Diwani alisoma mara mbili, akafurahi sana. Kumbe hakukuwa na spea ya kununua.

"Omera, ndugu yangu, huyu mama ana kazi mingi?" aliuliza.

"Huyu ni bibi yangu, Mheshimiwa."

"Vizuri kabisa. Basi hatuendi mbali."

Nyamweya alitaka kukataa. Aliyekubali ni Bochaberi, na alikubali kwa sharti.

"Nitakaa kwa gari yako. Lakini siku uchungu itanishika, unanipeleka Homa Bay saa hiyo hiyo. Mimi sirudi kwa mkokoteni."

Diwani aliapa mbele ya mzee wa kanisa, mkono ukiwa juu ya boneti.

Kwa wiki saba Bochaberi alihudhuria mabaraza ya chifu, matanga sita na ufunguzi wa choo cha soko. Hakuna aliyeshangaa. Ile kamati ya watu kumi na watatu ilikaa, ikampongeza Diwani kwa kuanza kubeba wajawazito kama ilivyokubaliwa.

Uchungu ulimshika wakiwa Rangwe, kwenye matanga ya saba. Alimtumia Diwani neno. Diwani alikuwa tayari ameshika kipaza sauti.

"Dakika mbili tu," alisema, na umati ukacheka, kwa kuwa ulimjua.

Alihutubia mpaka kivuli cha turubai kikahamia upande wa pili. Mtoto alizaliwa kwenye siti ya nyuma, mikononi mwa Phelesia, mmoja wa wapishi wa matanga. Alikuwa wa kiume na alilia kwa nguvu. Lakini damu ya Bochaberi haikukata. Diwani alipofika hatimaye na kuwasha, stata ilizunguka, injini haikushika. Mimba ilikuwa imekwisha, na pampu haikuwa na mambo ya upendeleo.

"Sukumeni," Diwani aliamuru.

Phelesia, ambaye Bochaberi alikuwa amemweleza tabia ya gari, alijipangusa mikono, akafungua mlango wa mbele, akaketi. Alikuwa na miezi minne, na alikuwa hajamwambia hata mumewe. Rilei ikalia tik, pampu ikavuma.

"Homa Bay," alisema. "Ukikata kona kwingine, nashuka."

Daktari alisema wangechelewa nusu saa zaidi, angewapa mwili. Diwani alikuja wodini na mpiga picha, akamshika mtoto, akatangaza kwamba gari lake limeokoa maisha. Jambo hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Nyamweya kuliko uongo wowote.

Siku ya tano waliruhusiwa. Walisimama kando ya barabara kusubiri usafiri wa kurudi Rongo, mtoto amefunikwa leso. Bochaberi hakuweza kusimama wima. Gari la Diwani likatokea, viti vya nyuma vitupu, Phelesia ameketi mbele akitazama mapajani mwake. Diwani alipunguza mwendo kwa heshima, akawapungia mkono, akapita.

"Mbona hasimami?" aliuliza Bochaberi.

"Huna mimba," alisema Nyamweya.

Akamchukua mtoto ili mkewe akae kwenye jiwe. Halafu, kwa mazoea tu, akatega sikio. Pampu ilivuma mpaka gari likapotea kwenye kona, bila kukatika, bila kasoro yoyote.