Wanaomsifu Injinia

Simu ililia juu ya friji wakati mshonaji anammwagia mama yake maji mgongoni, jikoni. Aliiacha ilie. Beseni lilikuwa dogo, na mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, mwingine umefunika kifua, utadhani binti aliyemzaa mwenyewe ni mgeni. Mlango wa jikoni hauna komeo, kwa hiyo ulikuwa umezuiwa kwa mtungi wa gesi. Nje watu walikuwa wanapita kwenda makazini, na kila viatu vilipokaribia mama alivuta taulo.

"Pokea," mama alisema. "Huenda ni yeye."

Alikuwa yeye. Mtaa mzima unamwita Injinia, na hakuna aliyewahi kumuuliza alisomea wapi. Ana sauti ya mtu aliyelala vizuri akaamka akakuta chai mezani. Alimwulizia mama na nyonga yake, akailalamikia saruji jinsi inavyopanda bei kila kukicha, kisha akafika kwenye lake. Jioni atapita mama mmoja mtu mzima, mteja mpya. Ni mtu makini, anataka kwanza kusikia kutoka kwa waliokwisha kufanyiwa kazi.

"Kazi ipi, Injinia? Hapa kuna shimo."

"Dada yangu, tusifike huko. Wewe mwambie maneno mazuri tu. Akiniamini leo, kesho asubuhi niko kwako na vigae. Asiponiamini, mimi vigae nitavitoa wapi?"

Akakata. Mshonaji alibaki ameshika simu kwa mkono wenye povu. Alikuwa na hasira, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba maneno ya yule bwana yalikuwa yanaeleweka.

Bafu lile lilijengwa na marehemu baba yake: choo cha kuchuchumaa, sakafu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, ukutani hakuna hata msumari wa kujishikiza. Humo ndimo mama alimoteleza. Hospitali waliiunga nyonga, wakamwambia binti asimrudishe kwenye choo kile. Anahitaji cha kukaa, vyuma viwili vya kushikilia, na sakafu isiyoteleza. Binti hushona mapazia kwenye karakana ya mtu. Alichukua mkopo kazini, akaanza kutafuta fundi, na alitafuta kwa akili zake zote. Mmoja alikuja ananuka pombe asubuhi na mapema, akamkataa. Mwingine alitaja bei akiwa bado mlangoni, bafu lenyewe hajaliona, naye akamkataa. Akasema safari hii atamchukua aliyesifiwa na mtu anayemfahamu. Mama Pacha, mwenye saluni mtaa wa nyuma, siku aliyomsuka alimsifu Injinia kuanzia msuko wa kwanza mpaka wa mwisho, anasuka na kusifu, anasuka na kusifu.

Injinia akapokea pesa yote ya mkopo, akaja na vijana wake. Walibomoa kila kitu siku moja, kwa furaha ya watu wanaopenda kubomoa. Wakachimba, wakaondoka. Tangu hapo ni danadana tu: mara gari limeharibika, mara amefiwa na mjomba, mara amefiwa na mjomba mwingine. Mama anajisaidia kwenye ndoo nyuma ya pazia alilolishona bintiye, tena pazia zuri, la kitambaa kizito. Siku hizi jua likishapinduka mama hanywi maji, ili asimwamshe mtu usiku. Midomo imempasuka. Ukimuuliza anasema hana kiu.

"Huyo mama akija utamwambia nini?" mama aliuliza wakati anavalishwa.

"Ukweli."

Mama alinyoosha mkono wa pili, bintiye akauingiza ndani ya gauni.

Kazini aliomba ruhusa. Msimamizi akampa ruhusa na kumkata nusu siku hapohapo, kwa uso mkunjufu kabisa. Akaenda manispaa. Alikuwa amejiambia kwamba serikali ikimbana Injinia, yeye hatalazimika kumsifu mtu wala kumharibia mtu. Afisa wa ujenzi hakuwepo, kisha akawa yupo ila ana kikao, kisha akatokea akiwa na kijiti cha meno mdomoni. Alimsikiliza huku anasoma simu. Alitaka kuona mkataba. Hakuna mkataba. Risiti, basi. Risiti nayo hakuna, upo ujumbe wa simu. Hapo afisa akaweka simu yake chini, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akamuuliza kibali cha kubomoa alikipata wapi.

"Kibali cha kubomoa choo changu mwenyewe?"

"Bibie, choo ni jengo. Umebomoa bila kibali, na hilo ni kosa lako wewe, si lake. Nikifungua faili leo, jina la kwanza humo ndani ni lako."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuonya usikae kwenye rangi mbichi. Kisha akashusha sauti akawa ndugu. Injinia anamfahamu, si mtu mbaya, ana mambo mengi tu, asimharakishe. Hata choo cha pale ofisini anakitengeneza yeye.

Mshonaji alikipita choo hicho wakati anatoka. Ubao ulikuwa umepigiliwa mlangoni na buibui walishauzoea. Mlinzi, akidhani amebanwa, alimwelekeza kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Wafanyakazi wote huenda huko, alimweleza, hata bosi, na asubuhi foleni yake si ya mchezo. Mshonaji akacheka peke yake kando ya barabara mpaka mtu akageuka kumtazama. Kicheko hakikumpunguzia kitu.

Hakurudi kazini. Nusu siku ilishakatwa. Miguu ikampeleka kwa Mama Pacha. Saluni ilikuwa na mteja mmoja, amesinzia chini ya mashine ya kukaushia. Mshonaji hakusalimia wala hakukaa. Alisema anaomba kuingia chooni.

Mama Pacha aliacha kuchana wigi aliyokuwa nayo mapajani. Zamani mteja akiomba choo aliambiwa maji yamekatika, na mshonaji mwenyewe aliambiwa hivyo siku ile ya kusukwa, akaamini. Sasa Mama Pacha alimtazama tu, akaweka kitana chini.

"Pita."

Bafu lilikuwa zuri. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Choo cheupe kimekaa imara, bomba halivuji, sakafu inainamia tundu la maji kama inavyotakiwa. Na ukutani, usawa wa kiuno, ulipita mstari wa vigae vya bluu vyenye majani meupe. Mshonaji alivijua. Alivichagua mwenyewe dukani, Injinia amesimama pembeni yake, akakitoa kimoja nje akakigeuzageuza juani kama afanyavyo na kitambaa, akasema mama atapenda hivi. Aliweka kiganja juu yake. Hakuna kona iliyonyanyuka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba jamaa kazi anaijua.

"Hivi ni vyangu," alisema.

"Najua."

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa mafuta ya nywele. Hakujitetea sana. Alisimulia kwa sauti ya chini ili yule wa kwenye mashine asisikie. Injinia alimwachia shimo kama hilohilo. Ana watoto wawili wadogo, na wateja walishaanza kuhamia saluni yenye choo. Akamlilia Injinia, na Injinia akamwambia pesa yake imemalizia kazi ya mtu mwingine, lakini akimpatia mteja mmoja tu, mmoja wa kumwamini, naye atamaliziwa. Na kweli alimaliziwa, wiki ileile.

"Ulikuwa na kichwa changu mapajani, Mama Pacha. Unanisuka na kuniuza."

"Nilikuuza," Mama Pacha alikubali. "Na mimi niliuzwa. Unadhani aliyenisifia mimi alikuwa adui? Ni dada yangu wa tumbo moja."

Mashine iliyoko saluni ikazima yenyewe. Mama Pacha alifuta mikono, akasema neno moja la mwisho kabla ya kurudi kwa mteja: Injinia akimtumia mteja wa kusikia sifa zake, asimpitishe bafuni. Amkalishe sebuleni, ampe kitu baridi.

Mshonaji aliondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa anaifanyia mazoezi sentensi moja: mama, huyo mtu atakuacha na shimo. Aliisema kwa upole, akaisema kwa ukali, akaisema mara nyingine midomo ikicheza mbele ya watu. Alitaka ifike jioni, na hakutaka ifike. Nyumbani alifagia sebule mara mbili, akapanga viti, akavipangua.

Mgeni alifika jua halijazama. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mwembamba aliyenyooka, viatu vimepigwa rangi, mkoba ameubana kwapani kwa namna ambayo hata mtoto angejua kilichomo. Alimpa mama mikono yote miwili. Alikaa karibu naye, si karibu na binti, na muda si muda wakawa wanaitana mwenzangu. Alieleza shida yake bila kujiliza. Ana vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba, ndivyo vinavyomlisha, na choo cha wapangaji kimetitia. Bwana afya amesema atafunga vyumba vyote. Kila fundi anayemwita anaangalia kwanza kama kuna mwanamume ndani ya nyumba, kisha ndipo anataja bei.

"Nikiibiwa safari hii, sina pengine pa kuanzia," alisema. "Kwa hiyo nauliza kwa walioona. Huyu Injinia ni mwaminifu?"

Aliuliza akimtazama binti. Binti alivuta pumzi. Sentensi ilikuwa tayari ulimini, njia nzima alikuwa anaipika.

"Mama, naomba nikwambie..."

"Ni mwaminifu," mama alisema.

Alikuwa amekaa wima kuliko alivyokaa tangu atoke hospitali. Alitumia sauti yake ya zamani, ya sokoni, alikouza nafaka miaka na miaka na watu wakapokea chenji yake bila kuihesabu. Alisema Injinia alikuja akabomoa, akajenga, akasafisha. Sasa anaoga amekaa, ameshika chuma, mlango umefungwa, hahitaji mtu. Aliyasema taratibu, kitu kimoja baada ya kingine, na macho yalimmeremeta kama anaviona.

Mkunga alishusha mkoba kutoka kwapani akauweka mapajani. Aliuliza kama anaweza kuchungulia kidogo.

"Leo utanisamehe, mwenzangu," mama alisema. "Nguo zangu za ndani zimetanda humo mote."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wazima walioelewana, na jambo likaishia hapo.

Binti alimsindikiza mgeni mpaka barabarani. Kati ya mlango na barabara hapakuwa na mtu mwingine yeyote, na palikuwa na nafasi ya kutosha kusema sentensi ile mara kumi. Alichosema ni kwamba aangalie, hapo mbele kuna mtaro. Mkunga alimshukuru, akamshika bega, akasema ana bahati kuwa na mama kama yule. Binti alirudi ndani akiwa na aibu inayochoma masikio, na chini ya aibu kulikuwa na nafuu, na hiyo nafuu aliichukia.

"Usiniangalie hivyo," mama alimwambia. "Nimekuwa nikikwambia sina kiu. Huo nao ni uongo, na ulikuwa unaupokea kila siku."

Asubuhi Injinia alikuja kweli, kabla hata ya chai. Alikuja na saruji, vigae, choo cheupe ndani ya boksi, na vijana wake. Siku nzima alipiga mluzi. Alipima mteremko, akaupima tena, akamfokea kijana aliyetaka kuharakisha. Mshonaji aliyekuwa amejiandaa kumtukana alijikuta anampelekea chai. Jioni choo kilikuwa kimesimama, sakafu imemwagwa, vigae vimefika kiunoni. Karibu na mlango kulikuwa na chuma kimoja cha kushikilia, kimekazwa barabara. Cha pili hakikuwepo. Na mlango wenyewe haukuwepo, ni fremu tu.

Injinia alinawa mikono, akasema wasikanyage mpaka saruji ikauke. Kuhusu kile chuma cha pili na mlango, wasiwe na wasiwasi, ni suala la bei kupanda tu, atavileta. Akafunga begi la vifaa. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akasema kuna bwana mmoja, mtu makini sana, angependa kupita Alhamisi kuwaona.

Mshonaji alimgeukia mama yake. Mama alikuwa amejikongoja mpaka kwenye ile fremu isiyo na mlango. Alikuwa ameshika kile chuma kimoja, anakivuta kwa nguvu zake zote, anakijaribu kama kitambeba.

"Mwambie aje asubuhi," mama alisema. "Mchana huwa nasinzia."