Siku ya Kumi na Sita, Mwezi wa Nane

Tarehe ilikuwa imeshachaguliwa, na kijiji kizima kilikuwa kimeshaila harusi hiyo kwa mdomo. Siku ya kumi na sita ya mwezi wa nane kwa mwandamo: vuli imeingia sawasawa, joto limevunjika, mizimu ya mwezi wa saba imesharudi kwao. Mzee Phung, mtazama siku, alikuwa amesema mwaka huu hakuna siku nyingine inayokubali umri wa Thoan na umri wa Hiep kwa pamoja, na mwakani umri wa Thoan una mkosi, asithubutu. Thoan alikuwa na miaka ishirini na tisa, thelathini kwa hesabu ya wazee, wanaohesabu na miezi ya tumboni. Kwa cherehani yake alikuwa amewashonea nguo za harusi wasichana aliowabeba mgongoni wakiwa wachanga.

Sasa ilikuwa tarehe tano tu ya mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, na Mama Khuyen, mamake Hiep, alikuwa amekaa sebuleni kwa akina Thoan. Chai ilikuwa mbele yake inapoa.

"Tunaomba bibi harusi wetu leo," alisema. "Saa kumi alasiri."

Mzee Luong, babake Thoan, aliweka chini kiko chake cha mwanzi. "Leo ipi?"

"Leo hii, Baba Thoan. Bibi yake Hiep ana hali mbaya, siku ya nne hajala. Unajua mambo yetu. Mume wangu hayupo, Hiep ndiye mjukuu mkubwa, ndiye atakayesimama mahali pa mwana wa kwanza. Mama mkwe akituacha kabla hawajaoana, ni miezi ishirini na saba ya matanga. Hakuna kuoa wala kucheka."

"Kwa hiyo mnataka kuyatangulia matanga."

"Wangapi hapa kijijini wameyatangulia?"

"Mwezi wa saba?" Mzee Luong alisema taratibu, kama mtu anayelipima kila neno. "Wafu wamefunguliwa milango, wanazurura njiani wakitafuta uji, nami nimtoe binti yangu na nguo nyekundu apite katikati yao?"

"Mzee Phung anasema msiba ukiwa mlangoni hauangaliwi mwezi, inaangaliwa saa tu."

"Mzee Phung alisema na tarehe kumi na sita."

Pale mlangoni alikuwa amekaa Bi Ty, muuza tofu, aliyekuja kuchukua bakuli lake na bakuli alikuwa ameshalipata muda mrefu. "Mimi sisemi kitu," alisema, na kila aliyemjua alikaa vizuri. "Nauliza tu. Tangu alfajiri mabonge matatu ya barafu yameingia nyumba ile. Mgonjwa hali chakula, ila barafu anakula?"

"Ya kumkanda," alisema Mama Khuyen bila kugeuka. "Ana homa."

"Homa ya mabonge matatu. Haya, nayo ni homa."

Mzee Luong alisimama. Thoan, aliyekuwa nyuma ya pazia la shanga akisikiliza na sindano mkononi, alijua kitakachofuata ni habari za Shangazi Nhai. Dada huyo mkubwa wa baba yake aliposwa asubuhi akaolewa jioni, na baada ya kupiga magoti mbele ya madhabahu ya wahenga ndipo alipofunuliwa pazia akaona kuwa baba mkwe wake ni maiti tangu juzi. Jina la bibi harusi wa jeneza lilimganda miaka arobaini. Nguruwe wa jirani akifa, ni yeye. Mtoto akifeli mtihani, ni yeye. Alikufa nalo.

"Sikiliza, Mama Khuyen," alisema Mzee Luong. "Kama mama mkwe wako yuko hai, tutasubiri vuli, na sote tutamwombea aifikie. Kama amekufa, lieni msiba wenu, binti yangu hatoki. Nyumba inayoficha maiti, kesho itanificha na mimi mambo ya mwanangu."

"Nitakwenda kumwona," alisema Thoan akitoka nyuma ya pazia.

"Mgonjwa hataki wageni, mwanangu," alisema Mama Khuyen haraka.

"Huyu ni mgeni au ni mkwe?" Mzee Luong aliuliza. "Amua moja. Nenda, Thoan. Utakachokiona ndicho utakachokuja kuniambia."

Njiani Mama Khuyen alitangulia, mwavuli umefunguliwa, hasemi. Jua la mwezi wa saba lilikuwa limekaa juu ya bwawa kama sufuria ya mafuta. Wanawake waliokuwa wakiosha mboga walinyamaza mpaka walipopita, kisha wakaanza upya.

Thoan alipiga mahesabu yake. Vuli ilimpa hema, meza sitini, rafiki zake wa kiwanda cha nguo wakija na pikipiki zao, baba yake amevaa suti, na hakuna mtu wa kumwita jina baya. Leo ilimpa Hiep tu. Lakini vuli ile ilikuwa imening'inia kwenye pumzi ya kikongwe wa miaka themanini na nane, na pumzi ikikatika, tarehe kumi na sita ingegeuka kuwa siku kama siku nyingine, na nyuma yake miezi ishirini na saba, na midomo ya washenga, na mama wa watu wakimtazama tumbo na nyonga kama ng'ombe wa mnada.

Hiep alikuwa langoni. Fundi wa pampu za mashamba, mikono ya kazi, leo ameishika kama hajui ni ya nani. Alimwona Thoan akatazama chini.

Chumbani feni ilikuwa inazunguka. Chini ya kitanda mabeseni matatu, maji yamejaa, vipande vya barafu vimebaki vidogo kama sabuni iliyokwisha. Bibi alikuwa amefunikwa mpaka kidevuni, nywele zimechanwa vizuri mno kwa mgonjwa. Thoan aliingiza mkono chini ya shuka akaushika mguu.

"Amelala," alisema Mama Khuyen nyuma yake. "Usimwamshe."

"Mama, basi," alisema Hiep mlangoni. "Alituacha saa kumi na moja alfajiri, Thoan."

Kwa mbali jogoo wa mtu aliwika saa isiyo yake.

"Kwa nini hukuniambia kwa simu?"

"Mama aliichukua simu."

"Niliichukua," alisema Mama Khuyen. Sauti ilikuwa imemshuka, si ile ya sebuleni. "Unadhani napenda kumweka kwenye barafu kama samaki? Miaka kumi na minane ya ujane wangu, huyu ndiye aliyekaa na mimi. Na ni yeye aliyesema. Juzi alinishika hapa, akasema, msinililie mpaka Hiep amepata mke. Mimi natimiza tu. Rudi kwa baba yako umwambie amelala. Ni neno moja hilo, si mlima."

"Sikuombi chochote," alisema Hiep. "Ukisema tusubiri, natoka sasa hivi napiga ngoma ya msiba."

"Miezi ishirini na saba utanisubiri?"

"Nitasubiri."

Thoan alimwamini, na hapo ndipo palipouma. Angekuwa mwongo angejua la kufanya. Alimtazama bibi. Suruali nyeusi aliyovaa, Thoan ndiye aliyeishona, pindo limeachwa refu kwa sababu bibi alipenda kuificha miguu yake iliyovimba. Jumapili ngapi alikuwa amemlisha uji kijiko kwa kijiko, akiulizwa kila Jumapili vuli itafika lini. Kama ngoma ingepigwa sasa, jioni angekuja na wageni, angechoma ubani, angepewa chai, angerudi kwao. Na huyu hapa bado hajaoshwa, hana hata kijiti kimoja cha ubani mbele yake, anamngoja yeye amalize hesabu zake huku barafu ikiyeyuka.

"Saa kumi," alisema. "Lakini simdanganyi baba yangu."

"Ukisema amekufa mbele ya watu, msiba umeanza," alisema Mama Khuyen. "Hakuna harusi tena. Unajua hilo?"

"Najua."

Nyumbani aliikuta sebule imejaa. Shangazi wawili, binamu, majirani wa pande zote mbili, Bi Ty amehamia kutoka mlangoni mpaka karibu na birika. Mama yake alikuwa anagawa tambuu ili mikono ipate kazi.

"Yuko hai?" aliuliza Mzee Luong.

"Baba, twende nyuma tukaongee."

"Nimekuuliza hapa, unijibu hapa. Nimeshachoka na mambo ya nyuma ya pazia."

Watu kumi na tano waliacha kutafuna.

"Nimemwona," alisema Thoan. "Nimemshika mguu."

"Na?"

"Na saa kumi ninatoka, Baba. Naomba unisindikize."

Mzee Luong alimtazama. Shangazi mmoja akakohoa. Bi Ty alifungua mdomo.

"Bi Ty," alisema mamake Thoan kwa upole, "hii tambuu ni yako, ijaze mdomo wote."

"Habari za shangazi yako unazijua," alisema Mzee Luong.

"Nimelelewa nazo. Shangazi alipelekwa hajui. Alipiga magoti kwanza, akafunuliwa baadaye. Mimi nimeshamwona niliyemwona, na aliyenionyesha ni Hiep mwenyewe. Wakiniita jina lolote watakuwa wananiita kitu nilichokichagua."

"Na vuli?"

"Vuli itakuja, Baba. Nitakuwa kwangu."

Mzee alichukua kiko, akakitazama, akakirudisha. Jasho lilimshuka shingoni na hakulifuta. Sebule nzima ilijua, na hakuna hata mmoja aliyelitamka neno lenyewe.

"Mama Thoan," alisema mwishowe, "koti langu liko wapi?"

"Lile la suti?"

"Nina makoti mangapi?"

Saa kumi walivuka daraja la bwawa kwa mguu, watu kumi na tano, hakuna hema wala spika. Sinia moja ya tambuu na popoo iliyofunikwa kitambaa chekundu. Thoan alivaa nguo nyekundu aliyokuwa amemshonea dada yake mwaka juzi, imembana mabegani. Kwa akina Hiep pazia la chumba lilikuwa limefungwa, feni inasikika nyuma yake. Walisimama mbele ya madhabahu ya wahenga, wakainama mara tatu. Baba yake Hiep aliwatazama kutoka kwenye picha. Amu wa Hiep alisema maneno machache. Pete zikaingia. Ubani ukawaka, na wote wakasimama wakiutazama, kwa kuwa walikuwa wameelewana kimya kimya kwamba ukimalizika harusi imekwisha.

Majivu ya mwisho yalidondoka. Amu alimtazama Mama Khuyen. Mama Khuyen akakivuta kitambaa chekundu cha harusi kilichotundikwa ukutani kwa mkono mmoja, kikashuka chote, kisha akaingia nyuma ya pazia, na sauti aliyoitoa humo haikuwa imetoka tangu alfajiri. Nje ngoma ilipigwa mara tatu. Mtaa mzima ukaanza kulia kana kwamba ndiyo kwanza unasikia.

Vitambaa vyeupe vya matanga vilikuwa tayari ndani ya kabati, vimekunjwa. Amu aliwapanga watu kwa vyeo vyao.

"Mke wa mjukuu mkubwa," aliita. "Yuko wapi? Mbele huku."

Thoan alichelewa kidogo kuelewa kwamba anaitwa yeye. Alikipokea kitambaa, akakizungusha kichwani, lakini nguo iliyombana mabegani haikumruhusu kulifikia fundo. Mtu akakishika nyuma yake. Alikuwa baba yake, koti limembana, anahema.

"Kaza, Baba," alisema. "Kisije kikaanguka."

Mzee Luong alikaza, akamwachia aende mbele.