Baraka ya Mzee Bagley

Kanisani kwetu kijana akiitwa kwenda misheni hupewa jina la Mzee, hata kama ndevu zake bado ni za kuhadithiwa. Ndiyo maana kwenye chumba cha chini cha nyumba yangu walikaa wazee wawili ambao umri wao ukijumlishwa haukumfikia mume wangu. Mzee Fonoti alikuwa Msamoa wa Hawaii, mnene, mcheshi, mlaji. Mzee Bagley alitoka kusini mwa Utah, mwembamba kama ufito, mgeni kabisa wa kazi. Kwetu waumini wote ni kaka na dada, ila hawa walishindwa kuniita dada. Waliniita Mama, nami sikuwakataza.

Jumapili moja wakati wa mavuno, tulipokwisha kula, nilitaka kumwita askofu. Mume wangu Verdell alikuwa na mshipa mkubwa wa damu uliovimba tumboni, na daktari wa Idaho Falls alikuwa amemwambia asinyanyue kitu kizito, kwa sababu ukipasuka hakuna atakayewahi kumwokoa. Alhamisi angefanyiwa upasuaji. Nilitaka awekewe mikono kwanza.

"Askofu wa nini?" Verdell akasema. "Si tuna makuhani wawili huko chini wanaomaliza siagi yangu?"

Basi wakapanda, tai shingoni, nywele zimelowa maji. Baraka ya mgonjwa huwa ya watu wawili. Wa kwanza hupaka tone la mafuta kichwani, na maneno yake ni mafupi. Wa pili ndiye mwenye mzigo, maana hana maneno yaliyoandikwa. Husubiri apewe na Roho. Fonoti alipaka mafuta. Bagley hakuwa amewahi kuwa wa pili maisha yake yote. Akaweka mikono juu ya upara wa mume wangu, na kimya kikawa kirefu mpaka nikasikia friji inanguruma jikoni. Mimi nilisimama mbele yao, nikilia.

"Verdell Stoddard," akasema mwishowe, "Bwana anakuambia utapona. Kisu hakitakugusa."

Verdell akafumbua macho kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

Jumatatu asubuhi akapiga simu hospitali, akafuta upasuaji.

"Umerukwa na akili?" nikamuuliza.

"Si umesikia mwenyewe? Kisu hakitanigusa. Na viazi bado viko ardhini, Rowena, na barafu iko njiani."

Mume wangu hakuogopa fahali wala benki, lakini sindano ilimtoa jasho. Ile baraka ilimkuta pale pale alipokuwa akiomba mtu amwambie asiende.

Jumatatu ndiyo siku ya wamisionari kufua na kuwapigia wazazi. Bagley alimpigia mama yake karibu na kamba yangu ya nguo, nami nilikuwa naanika shuka. Nilimsikia yule mama akilia kwa furaha huko Utah: mwanangu amemponya mtu, nitawaambia kanisa zima. Kijana alipoiweka simu mfukoni nilimweleza alichofanya Verdell asubuhi. Akaketi kwenye nyasi na shati lake jeupe.

Jumanne na Jumatano hawakwenda kugonga milango. Waliomba ruhusa watusaidie kuvuna. Juu ya mashine ya kuvunia watu husimama kuokota mawe na madongo viazi vinapopita. Fonoti aliokota mawe huku akiimba. Bagley hakuokota hata jiwe moja. Macho yake yote yalikuwa kwa Verdell. Verdell akiinama, kijana ameshafika. Verdell akishika mnyororo, kijana ameshaudaka. "Niachie mimi, Ndugu Stoddard. Niachie mimi."

"Huyu ananifuata kama ndama," Verdell akaniambia, akicheka. "Anafikiri nina maziwa."

Jumatano jioni nikamkamata jikoni. Kanuni zao haziwaruhusu kukaa peke yao na mwanamke, kwa hiyo Fonoti naye alikaa pale na sahani yake.

"Nenda ukayaondoe maneno yako," nikamwambia.

"Hayaondoki, Mama."

"Basi mwekee mikono tena. Sema Bwana amesema aende hospitali."

Fonoti akaacha kutafuna.

"Siwezi kumsemea Bwana, Mama."

"Na Jumapili? Nani alikusemesha?"

Akaangalia meza. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Sijui. Nilisubiri, sikusikia kitu. Nikafumbua macho, nikakuona wewe unalia. Nikasema lile ulilokuwa unalitaka."

Nilitamani kumchapa, nilitamani kumkumbatia, na kanuni zao zinakataza yote mawili. Nikamwongezea mchuzi.

Usiku ule Bagley alimpigia rais wa misheni, mkubwa wao, akaambiwa aende kwa Verdell aseme ukweli. Alhamisi kabla ya kifungua kinywa akapanda ngazi, uso mweupe kama shati.

"Ndugu Stoddard, nilikosea. Yale yalikuwa maneno yangu mimi."

Verdell akamsogezea kiti. "Shetani hakawii, ee? Kila anayefanya jambo kubwa hushikwa na shaka keshoye. Mimi nilipokuwa misheni Ufini ilinipata hiyo hiyo."

"Rais wa misheni anasema madaktari nao ni zawadi ya Mungu."

"Hayo ni ya rais wako. Ya Jumapili yalikuwa ya Bwana." Akampiga bega. "Usiogope, mwanangu. Imani yangu inatutosha wawili."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimfuata askofu hadi shambani kwake, naye akanijibu kutoka juu ya trekta, bila kuzima injini. "Rowena, nikimwambia baraka ile ilikuwa ya uongo, kesho nitamwambia ipi ya kweli?" Nikarudi nyumbani nimejaa hasira, sina wa kumtupia. Saa ambayo Verdell angekuwa amelala mezani kwa madaktari, alikuwa akipaka grisi mashine, akipiga mluzi.

Ijumaa Bagley alifunga. Hakula, hakunywa hata maji. Fonoti alikula sehemu za wote wawili, lakini utani ulikuwa umemwisha.

Jumamosi simu ikaja kutoka misheni: Mzee Bagley anahamishwa, Jumatatu anakwenda ng'ambo ya milima, Wyoming. Aliwasihi wamwache mpaka mavuno yaishe. Wakamwambia Bwana anamhitaji huko. Hakuna mmisionari anayebaki mahali kwa sababu ameomba.

"Mama, nani atambebea Ndugu Stoddard vitu?" akaniuliza.

"Mimi," nikasema, nami na magoti haya mabovu.

Jumatatu gari likaja mapema. Bagley alikuwa uani akiagana nami kwa mkono, kama wanavyofundishwa, ndipo mlango wa chumba cha chini ukafunguliwa na Verdell akatoka. Alikuwa amebeba sanduku la kijana, lile kubwa, lenye viatu vya barafu na vitabu na koti zito alilotumiwa na mama yake.

"Ndugu Stoddard, weka chini," Bagley akasema. "Tafadhali. Weka chini."

Verdell akalinyanyua mpaka usawa wa kifua, akalisukuma nyuma ya gari, akapangusa mikono.

"Umeona? Sasa hivi ningekuwa kitandani na mshono mpaka kitovuni. Nenda, Mzee, kawasimulie huko."

Kijana aliingia garini akilia, na aliendelea kugeuka nyuma mpaka gari likapinda kwenye ghala la viazi.

Verdell alianguka baada ya chakula cha mchana, kati ya matuta. Fonoti, ambaye alikuwa akimsubiri mwenzake mpya, ndiye aliyemwona na kukimbilia. Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu walimvua viatu, wakamsikiliza kifua, kisha wakaacha haraka zao.

Jioni nyumba ilijaa. Kina mama wa kanisa walileta viazi vya jibini, vile vile ninavyowapelekea mimi wakifiwa. Askofu alikuwa kando yangu na sahani, hajui aanzie wapi. Simu ya jikoni ikalia.

"Mama? Ni mimi, Bagley. Wameniruhusu nipige mara moja tu."

Maneno ya kumlaumu nilikuwa nayo. Tangu Jumatano nilikuwa nayo, nimeyanoa, nayasubirisha mdomoni.

"Ndugu Stoddard yupo?" akauliza. Kisha akanyamaza, kimya kile kile cha Jumapili, nami nikamsikia anavyopumua.

Nikaviangalia viatu vya shambani vya Verdell, vimewekwa mlangoni na udongo wake.

"Yupo," nikasema. "Hajambo. Ndiyo kwanza amevua viatu."

Askofu akaishusha sahani.

"Mwambie asinyanyue kitu, Mama."

"Nitamwambia."