Nota za Panda, Nota za Mulungwishi

Jaël hakuwa mtu wa kusitasita. Alhamisi ile alipoingia ukumbi wa kanisa pale Panda, bahasha ya nota kwapani, alitembea kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake. Wapigaji wa fanfare, bendi ya kanisa ya vyombo vya kupuliza, walikuwa wameshaketi kwenye mabenchi, wakipuliza kidogo kidogo kupasha vyombo moto. Papa Gaston, kiongozi wao, alikuwa kando ya dirisha akijikanda bega la kulia.

Bega hilo ndilo lililoleta maneno yote. Lilikuwa limechoka, na kamati ya kanisa ilianza kutafuta mtu wa kushika fimbo baada yake. Wengi walimtaka bwana mmoja wa Lubumbashi ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiongoza, ila walisikia kwamba anavaa vizuri. Jaël, aliyepiga tromboni katika fanfare hiyo tangu mkono wake haujaweza kusukuma bomba hadi mwisho, alikuwa amesimama mbele ya kamati mwanzoni mwa juma akasema kazi hiyo anaitaka yeye. Hakuzunguka. Wazee wakatazamana, kisha wakamtazama Gaston.

“Jubile ya kanisa iko dimanche,” Gaston alisema. “Bandugu ya Mulungwishi banakuja kupiga pamoja na sisi. Weye njo utaandika wimbo, weye njo utaongoza. Kama samedi ku répétition inatoka muzuri, fanfare ni yako. Kama inaharibika, tunaita ule wa Lubumbashi. Tunasikilizana?”

“Tunasikilizana, Papa.” Mazoezi Jumamosi, sikukuu Jumapili; hakuomba hata siku ya ziada.

Wimbo akautunga, na akauandika kwa namna yake. Wengine huchora nota moja moja kwa kalamu hadi macho yanatoa machozi. Jaël huandika muziki kwa herufi, kama mtu anayeandika ujumbe wa simu: do4 ni do ya pigo moja, do2 ni do ya mapigo mawili, r ni kunyamaza. Programu kwenye kompyuta yake husoma maandishi hayo na kuyachora yakawa nota safi. Kila chombo kina faili lake, na sauti yake imeandikwa humo mara moja tu. Faili moja fupi huviita vyombo vyote pamoja, ikapatikana partisheni kuu ya kiongozi, yenye sauti zote. Mafaili mengine mafupi huita chombo kimoja kimoja, na hapo hutoka karatasi ya kila mpigaji. Ukisahihisha kosa mahali pamoja, limesahihika kote. Raha iliyoje, kwa mtu aliyewahi kunakili kwa mkono nota za fanfare nzima halafu akaambiwa mstari wa pili una kosa!

Tena alikumbuka jambo ambalo wengi hulisahau. Trompeti ni chombo cha uongo: mpigaji akisoma do, inayotoka ni nota ya “si” iliyoshushwa kwa bemoli, hatua moja chini. Saksofoni nayo ina uongo wake, mkubwa zaidi. Ndiyo maana karatasi za vyombo hivyo huandikwa zikiwa zimehamishwa, uongo wa karatasi ufute uongo wa chombo. Kwa Jaël kazi hiyo ilikuwa mstari mmoja juu ya kila faili, wa kuiamuru programu ihamishe sauti. Aliuandika, akapiga chapa, akalala usingizi mnono.

Basi Alhamisi hiyo akagawa karatasi, akasimama mbele, akainua mkono. Ikatoka kelele. Tromboni na besi zilikuwa mahali pake, lakini trompeti zilikuwa zimepanda juu yake kwa hatua moja, na saksofoni, mimi sijui zilikuwa mtaa gani. Mbwa wa jirani alijibu. Jaël akashusha mkono, akainua tena, wakaanza upya, na mbwa naye akaanza upya.

“Jaël, mutoto wangu,” alisema Papa Barthélemy, mzee wa trompeti ya kwanza, “karatasi yako inadanganya.”

“Ordinateur njo inakosea,” akadakia Pitshou wa saksofoni, akiilaumu kompyuta; huyo hapotezi nafasi ya kusema neno.

Uso wa Jaël uliwaka. Aliona aibu, tena aibu yenye hasira ndani yake, kwa sababu alijua kazi yake ilikuwa safi. Pembeni, Papa Gaston alikuwa amekwishatoa simu mfukoni.

“Nimuite ule wa Lubumbashi?”

“Bado, Papa. Ulisema samedi.”

Gaston akarudisha simu, polepole. Jaël akachukua tromboni yake, akavuta kiti hadi mbele ya Barthélemy, magoti yao karibu yagusane.

“Papa, note yako ya kwanza ni nini?”

“Ni sol. Unaniona minye kipofu?”

“Hapana, Papa. Ipige tu.”

Mzee akapuliza. Jaël akapiga sol kwenye tromboni, na sauti mbili zikakaa pamoja bila kugombana. Hapo akashusha tromboni. Tromboni husema kweli, sol yake ni sol. Trompeti ikisoma sol, ilipaswa kutoa fa. Akainama kutazama mkono wa mzee. Kwenye trompeti sol ile haitaki kidole hata kimoja, mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hivyo, na Barthélemy alikuwa amebonyeza viwili.

“Papa, juu ya nini unabonyeza? Sol haiombi kidole.”

“Ee! Juu nitoe sol. Nikiacha vidole, itatoka sol?”

Wapigaji wengine wa trompeti wakaitikia kwa vichwa, wakimshangaa mwenye swali. Barthélemy akamweleza kama anavyoelezwa mgeni. Tangu wakiwa vijana, fanfare haikuwahi kuwa na nota zake yenyewe. Walisoma kitabu cha waimbaji, wawili watatu wakichungulia kitabu kimoja, na kitabu hicho hakijui trompeti ni nini. Mwalimu wao wa kwanza aliwafundisha kuhamisha kichwani: ukiona sol, bonyeza vidole vya la. Nao wakawafundisha waliowafuata, hadi kwa Pitshou. Kwa hiyo Jaël alikuwa amehamisha kwenye karatasi, nao wakahamisha tena kichwani.

Miaka yote hiyo Jaël alikaa benchi moja nao na hakujua. Angejuaje? Mpigaji wa tromboni hahamishi chochote, anasoma na kupiga. Hakuwahi kuuliza jirani yake anafanya nini na vidole vyake.

Nisiseme uongo, mdomo ulimwasha. Alitaka kuwaambia kwamba dunia nzima husoma vingine, kwamba namna yao haimo kitabuni. Lakini aliwatazama wale wazee, vidole vyao vikicheza juu ya vitufe bila wenyewe kujua, akaona kwamba wanafanya kichwani, papo kwa papo, kazi ambayo yeye ameiachia kompyuta. Hasira ikamtoka. Ikabaki heshima, na haraka.

“Ni minye nilikosea,” akasema kwa sauti ya kusikika na wote. “Bapapa, mungoje kidogo.”

Akafungua kompyuta juu ya benchi, akaingia kwenye mafaili ya trompeti na saksofoni, akafuta mstari ule mmoja katika kila faili. Muziki wenyewe hakuugusa hata nota. Pitshou akamkimbiza kwa pikipiki hadi duka la kupiga chapa, wakarudi karatasi zikiwa bado za moto. Wakapiga. Mbwa wa jirani safari hii aliwaachia wapige. Papa Gaston naye aliacha kujikanda bega.

Nota za wageni aliziacha na ule mstari wa kuhamisha, kwa kuwa alipouliza aliambiwa wao wa Mulungwishi husoma kama dunia nzima inavyosoma. Wimbo mmoja, mafungu mawili ya karatasi.

Jumamosi wageni wakashuka kwenye taksibasi na vyombo vyao, wakakumbatiana na wenyeji, wakachanganyika nao kwenye mabenchi. Kiongozi wao, Papa Michel, mtu makini, alipita nyuma ya trompeti akikagua. Akasimama kwa Barthélemy. Akatazama karatasi ya mzee, yenye bemoli moja, alama ya kushusha nota, akatazama ya mpigaji wake aliyeketi ubavuni, yenye diyezi moja, alama ya kupandisha.

“Papa, batu bamekupatia partition mubaya,” alisema kwa upole, akamchukulia karatasi yake na kumwekea moja ya zile za wageni. “Tuko na ingine ya kuzidi. Soma hii.”

Barthélemy ni mtu wa adabu, mgeni hapingwi. Akaipokea. Kamati nzima ilikuwa imeketi nyuma, na Papa Gaston pamoja nao.

Jaël alishuka kutoka mbele, hakukimbia.

“Pardon, Papa Michel. Ile ya Papa Barthélemy iko sawa. Na yenu iko sawa.”

“Note ya kwanza hazifanani, mutoto. Huyu iko na fa, huyu iko na sol.”

“Njo vile. Minye njo niliziandika hivyo. Kila mutu asome yake, mutasikia.”

Michel alimtazama, akawatazama wazee wa kamati kama anayeuliza huyu msichana ni nani. Wazee wakamwachia Jaël ajibu mwenyewe. Jaël alinyoosha mkono na kuuacha hapo hapo, wazi, hadi karatasi ikarudi ndani yake, akaiweka tena mbele ya Barthélemy. Kisha akarudi mahali pake. Akainua mkono.

Wakaingia. Fa ya mmoja na sol ya mwingine zikatoka sauti moja, pana, safi, hadi vioo vya madirisha vikaitikia. Michel akafumba macho. Walipomaliza, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi, na akaenda kushikana mkono na Barthélemy, wakianza pale pale kulinganisha vidole na kucheka.

Kwenye viti vya kamati, Papa Gaston alisimama. Jaël alidhani anakuja kutoa hotuba, kwa maana mzee hupenda hotuba. Gaston alimpita. Alikwenda hadi kabati la nyuma, akatoa trompeti kuukuu, akaifuta kwa leso, akaketi mwisho wa benchi na kujisogeza kutafuta nafasi.

“Jaël,” aliita, “minye nitasoma nini? Yangu iko wapi?”

Hakukuwa na yake. Mtu aliyesimama mbele tangu Jaël akiwa mtoto, nani angemtolea karatasi ya mpigaji? Jaël alielewa kwamba mahali pa mbele sasa ni pake, na machozi yakamjaa. Akafungua kompyuta hapo hapo, akaanza faili jipya, trompeti ya tatu.

“Ya Panda ao ya Mulungwishi, Papa?”

“Ya Panda,” alisema Gaston. “Uharakishe, chef ya fanfare. Tunakungojea.”