Spoki Zilizolia Sauti Moja

Naapa, mkono juu ya kitambulisho changu cha pensheni: haya ni kweli tupu. Ukifika mahali ukashindwa kuamini, ujue umesoma haraka.

Veneranda alishuka kutoka Kalinzi na pikipiki ya zamani ya marehemu baba yake, ile ya kupiga kiki mara tisa ndipo ikohoe. Gurudumu la nyuma lilitembea kama bata. Akaisimamisha Ujiji, kwenye kibanda cha swahiba wangu Hamdani, mshona nyavu, ambako mimi hukaa nikisimulia.

"Shikamoo, mzee Bona. Mafundi wa Mwanga, pale mjini, wanasema ninunue ringi mpya."

"Marahaba. Usinunue. Spoki hunyooshwa kwa sikio. Mimi nikiwa kazini reli nilinyoosha za treni, ikafika Tabora inaimba."

Hamdani hakuinua macho. "Treni ina spoki, Bona?"

"Enzi zetu zilikuwa nazo."

"Haya. Ukilinyoosha gurudumu hilo, wiki nzima nitakusikiliza bila kukukatiza. Ukishindwa, wiki nzima nasimulia mimi, nawe unakaa hapo hapo, kimya."

Wiki! Mke wangu Frida hajawahi kunipata kimya hata usingizini. Lakini Veneranda alikuwa anatazama, nikakubali.

Tukaiweka pikipiki juu ya stendi kubwa. Nikagonga spoki ya kwanza kwa bisibisi: ting. Ya pili: tong. Nikakaza hii, nikalegeza ile. Siri yangu ni kwamba nilikuwa najifunza palepale, ila uso niliuvaa wa mwalimu. Baada ya saa mbili, spoki zote thelathini na sita, kushoto na kulia, zikalia sauti moja. Nikalizungusha gurudumu. Halikuyumba hata kidogo! Nasikia hata ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, walinyamaza.

Hamdani akachukua sindano yake ya kushonea nyavu, ile bapa ya mti, akaipitisha kati ya tairi na chuma kinachoshika gurudumu. Upande wa cheni ikapita na nafasi ikabaki. Upande wa pili ikakwama.

"Haliyumbi," alisema, "ila limehamia kwa jirani."

Nikachuchumaa. Dau nililisahau kabisa. Nilitaka kujua tu. Sauti moja, nguvu moja, sasa limekwendaje kando? Veneranda naye akachuchumaa, akafuata spoki kwa kidole.

"Mzee, hizi za upande wa cheni zimesimama wima. Hizi nyingine zimelala. Zitavutaje sawa?"

Lo! Za upande wa cheni zilitakiwa zikazwe zaidi, zilie kwa sauti kali. Mimi nimezipatanisha kama kwaya, zilizolala zikalivuta ringi kwao.

"Kule reli hawakukufundisha hilo?" akauliza.

"Kule reli alikuwa anakata tiketi dirishani," Hamdani akamjibu. "Mimi nilizinunua kwake."

Veneranda akashika spana, akakaza upande wa cheni kidogo kidogo, mimi nikigonga na kusikiliza, mpaka sindano ikapita sawa pande zote. Akapiga kiki zake tisa, akapanda zake Kalinzi.

Kesho yake nikakaa kibandani kulipa dau, karanga mkononi. Hamdani akawasimulia wanunuzi wa dagaa jinsi alivyovua samaki kuhe mzito kama mbuzi, akamkata mkia ndani ya mtumbwi. Punde kuhe huyo huyo akampiga kibao kwa mkia.

Nikafungua mdomo. Hamdani akanitazama.

Nikatia karanga mdomoni.